Kusikiliza Kostumu

Kostumu ya kuogelea haikaguliwi kwa macho. Macho yatakudanganya. Ukiinyanyua mbele ya uso utaona rangi inang'aa, mshono umekaza, hata lebo ya ng'ambo bado ina herufi zake zote, na utaiweka upande wa kamera, yaani zile nguo za kwanza kabisa zinazotoka kwenye belo la mitumba zikiwa kama mpya. Kisha mtoto wa watu aingie nayo majini na itoke imelegea mpaka magotini. Kostumu hukaguliwa kwa sikio. Unashika ukingo wa mguu, pale palipopita mpira, unausogeza karibu na sikio na kuuvuta polepole. Mpira mzima hunyamaza. Mpira uliochoka hulia, sauti ndogo tu, kama biskuti inayovunjika mfukoni.

Mimi nauza nguo za watoto za michezo katika Soko la Toi, na kazi hiyo ya sikio nilimfundisha binti yangu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Jumamosi alikuwa akiketi juu ya belo, nami namrushia kostumu moja moja. Anavuta, anafumba macho, anasikiliza. "Inalia," anasema, nami naitupa kwa fagia, yale masalia tunayoyamwaga chini kwenye turubai. "Imenyamaza," anasema, nami naitundika juu. Hata siku ile mhubiri alipoweka spika yake hatua tatu kutoka kwa meza yetu, mtoto hakukosea hata moja. Nilijivunia sikio lake mbele ya soko zima. Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa kujivunia. Kwetu Wajaluo wa ziwani hilo si tusi.

Nyuma ya meza yangu kuna mwanamke anayepika chapati na maharagwe. Ni Mluhya, anaishi Kawangware, na kila asubuhi hufika na unga wake kabla sijamaliza kutundika nguo. Tunaitana mulamwa, yaani shemeji, kwa sababu watu wake na watu wangu huoana tangu zamani na hutaniana bila kununa. Chapati yangu huiweka kando, chini kabisa ya rundo, palipo na joto, na huikunja mara nne kwa sababu anajua hivyo ndivyo ninavyopenda kuishika. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Naye ana binti, rika moja na wangu, na wakati wa haya ninayoyasimulia wote wawili walikuwa na miaka tisa.

Yote yalianza na tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa, huku kwetu mtaa wa Soweto, karibu na zile ghorofa za serikali. Klabu ya watoto ya Jumamosi ilikuwa inafunguliwa. Kila mtoto angechagua kitu kimoja: kuogelea, ngoma na nyimbo, chesi, sarakasi au mbio. Siku hizi, na huu mtaala mpya, walimu hawaishi kutuuliza talanta ya mtoto ni ipi, kana kwamba sisi tulizaa huku tumeshika orodha. Kwa hiyo wazazi tulifika kwa wingi. Mulamwa naye alimleta wake, maana Jumamosi mtoto hana wa kukaa naye Kawangware.

Mwalimu aliyekuwa akiandikisha alikuwa mama mpole mwenye miwani, na alikuwa na njia yake ya kurahisisha kazi. Alisoma jina la mwisho la mtoto, akaunyanyua uso kumtazama mzazi, akatabasamu, na hapo hapo akajua. Mtoto wa Kikuyu akapelekwa chesi kwa sababu ana akili ya hesabu. Pacha wa Kikamba wakapelekwa sarakasi kwa sababu miili yao inapindika. Palikuwa na mtoto mmoja tu wa Kikalenjin, akaandikwa mbio bila kuulizwa, na mama yake akabaki amefungua mdomo, mkononi ameshika ile dawa ya kuvuta ya pumu. Nyanya mmoja Mnubi alisema mjukuu wake ataogelea akiwa amevaa suruali ndefu au haogelei kabisa, na mwalimu akaandika hivyo hivyo, suruali ndefu. Hakuna aliyekasirika. Tulicheka na kuambiana kwamba damu haipotei.

Ilipofika zamu yangu mwalimu alisoma jina, akacheka.

"Ah, huyu ni wa ziwa. Huyu ni samaki. Swimming."

"Andika," nikasema.

Binti yangu akanivuta nguo. Alikuwa akitazama pembeni ya ukumbi, mahali palipokuwa na ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, zimelazwa juu ya mkeka.

"Mama, mimi nataka zile."

"Zile ni za Waluhya," nikamwambia. "Tena ni za wanaume wao. Wewe ni mtu wa maji."

Mulamwa, aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni, akaangua kicheko. "Ni ukweli, mwanangu. Kwetu msichana akishika isukuti wazee watauliza ni nini imeharibika."

Kisha ikawa zamu yake. Mwalimu alisoma jina, akatabasamu, kalamu tayari kwenye safu ya ngoma na nyimbo. "Huyu ni wa kuimba, sivyo?"

"Nataka swimming," mtoto akasema.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

Mwalimu akamtazama mama. Mulamwa akainua mabega. "Si amesema anataka? Muandike."

Ilichukua muda mfupi kuliko kugeuza chapati. Hakuwaza, hakupima, hakumnong'oneza mtoto sikioni kumkumbusha yeye ni wa wapi. Mimi nikaona nafasi ya mchezo na sikuiacha. "Mluhya kwa maji!" nikasema kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. "Huyu atatafuta ugali huko chini ya bwawa!" Watu wakacheka mpaka wakashikana, na aliyecheka zaidi ni mulamwa mwenyewe.

Kuna jambo sikumwambia mtu yeyote siku ile. Mimi sijui kuogelea. Nilizaliwa mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa, na sijawahi kuingia maji yanayopita magoti. Wavulana ndio walioogelea. Sisi wasichana tulipelekwa kuoshea vyombo ukingoni, na nyanya yangu alikuwa akinishika kwa nyuma, kwenye mkanda wa gauni, mpaka sufuria ya mwisho ioshwe. Nilipokuja Nairobi watu wakaanza kuniambia, nyinyi mnaogelea kama samaki, nami nikaona sifa ya bure ya nini kuikataa? Nimeivaa miaka yote hii. Nilitaka binti yangu ainunue kwa kweli, ili mimi nisije nikadaiwa.

Bwawa lilikuwa katika shule moja karibu na barabara ya Ngong. Watoto walipelekwa kwa mstari, wameshikana mikono, na Jumamosi ya kwanza wazazi tuliruhusiwa kwenda kutazama. Binti yangu aliingia mpaka kiunoni, akashika ukuta, na hakuuachilia. Kochi alimwita, akambembeleza, akamtolea vidole vyake kimoja kimoja kutoka ukutani. Kidole kikitoka, kingine kinarudi. Binti wa mulamwa, aliyevaa baika, ile kaptura ya kubana, na fulana kwa sababu hakuwa na kostumu, alisimama kidogo akiyatazama maji. Akavuta pumzi, akajilaza juu yake kama mtu anayejilaza kitandani. Yakambeba.

Nakumbuka jinsi nilivyohisi. Sitatafuta neno la adabu. Nilimwonea wivu mtoto wa miaka tisa. Roho iliniuma kama mtu aliyeingia nyumbani akakuta mgeni ameketi kwenye kiti chake na kiti kinamtosha vizuri zaidi.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Wiki ya tatu binti wa mulamwa alivuka upana wa bwawa. Wiki ya sita alivuka urefu. Kochi alikuwa akituma video kwenye grupu ya wazazi, na grupu ikajaa vile vijipicha vya makofi na mioto. Kila video ilikuwa ya yule yule, kichwa kimezama, kinatoka, kinazama. Niliitazama mara moja pamoja na wengine, kisha nikaitazama peke yangu mara tano nyuma ya nguo nilizotundika, nikitafuta kosa. Binti yangu alionekana kwenye moja tu, pembeni, ameshika ukuta, anapiga makofi.

Soko nalo halina siri. Muuza viatu wa mkabala wangu alianza kuniita "Mjaluo wa nchi kavu." Mwingine akauliza kama tumebadilishiwa watoto hospitalini. Nilicheka nao, maana utani niliuanza mwenyewe na huwezi kuwasha moto kisha uulize nani ameleta moshi. Lakini nilikuwa nikikunja nguo kwa nguvu isiyohitajika.

Mulamwa hakunitania hata mara moja. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Angenipa neno moja tu la kejeli ningepata pa kushika. Badala yake aliniletea chapati iliyokunjwa mara nne, akasema, "Wako atashika tu, mulamwa. Wangu pia hajui vile imefanyika." Alikuwa haringi. Mimi ningekuwa nimeshona fulana yenye jina la mtoto.

Na binti yangu? Binti yangu alikuwa na furaha tele. Alipenda kila kitu cha Jumamosi isipokuwa maji. Walikuwa wakirudi sokoni mikono mabegani, yeye na yule mwingine, nywele zinanuka dawa ya bwawa, wanaketi juu ya belo na kula maharagwe kwenye sahani moja. "Yeye ndiye hunishika nisizame," aliniambia siku moja, kwa fahari, kana kwamba ni yeye aliyeshinda kitu. Halafu akaanza kupiga belo kwa viganja, tu-tu-ka, tu-tu-ka, mapigo ya isukuti aliyoyasikia ukumbini kabla ya kupangwa mstari kwenda bwawani. Yule mwenzake akaanza kutingisha mabega.

"Wacha kelele," nikamwambia.

"Mama, hii si kelele."

"Nimesema wacha."

Akaacha. Mulamwa alinitazama kutoka kwenye moto wake, akageuza chapati.

Karibu na mwisho wa muhula kochi alitangaza mashindano madogo na klabu nyingine mbili, pale pale bwawani, wazazi wote waje. Wasichana sita wangeiwakilisha klabu yetu. Jina la kwanza kwenye grupu lilikuwa la binti wa mulamwa. Jina la sita lilikuwa la binti yangu, na hilo ni kwa sababu msichana mwingine alipata tetekuwanga. Yeye angevuka upana tu, akiwa ameshika kibao cha kuelea. Sikujali. Niliwaambia watu wote wa Toi kwamba binti yangu anashindana, na kuhusu kibao nikanyamaza.

Chini ya tangazo kochi aliongeza sharti: siku hiyo hakuna baika wala fulana. Kila mtoto avae kostumu kamili. Yule wa suruali ndefu pekee ndiye aliyeruhusiwa. Ya binti yangu ilikuwa imembana mabegani, na binti wa mulamwa hakuwa nayo kabisa, kwa hiyo sote wawili tukawa tunangoja belo langu la Alhamisi.

Belo lilifunguliwa asubuhi. Watoto walikuwa shuleni. Za kimo cha miaka tisa zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa ya buluu iliyoiva, yenye mstari mweupe ubavuni. Nyingine ilikuwa nyekundu, nzuri mno, nyekundu ya kufanya mtu ageuke. Nikaivuta ya buluu sikioni. Kimya. Nikaivuta nyekundu.

Ililia. Haikulia kidogo. Mguu ulilia, mabega yakalia, na nilipovuta kiuno nikasikia mpira ukikatika ndani ya kitambaa. Ikiwa kavu ingekaa mwilini bila shida. Ikilowa, dakika mbili tu, ingeanguka.

Nilikuwa bado nimeishika mulamwa alipokuja akijifuta unga kwenye leso.

"Sasa, mulamwa, umetutolea?"

Akaiona nyekundu. Macho yakamng'aa kama ya msichana. Akaigusa kwa ncha za vidole, akiogopa kuitia mafuta. "Ai, hii ni noma. Hii ni ya harusi! Hii ni ngapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu, *hiyo inalia*, nami huyasema mara hamsini kwa siku kwa watu nisiowajua. Nilichosema ni hiki:

"Chukua. Ni zawadi."

Akanikumbatia. Gauni langu likabaki na unga begani, mikono miwili kamili.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea kuhusu siku ile. Nilijiambia kwamba huenda isianguke. Nilijiambia kwamba hata ikilegea, mtoto ataishika kwa mkono mmoja, ataogelea polepole kidogo, atashika nafasi ya tatu, na hakuna aliyekufa kwa nafasi ya tatu. Nilijiambia kwamba sikumuuzia, kwa hiyo si wizi. Lakini mimi ni mtu wa kazi hii. Nimewahi kurudishiwa kostumu kama ile na mama aliyekuwa akitetemeka kwa hasira, mtoto wake amekataa kurudi shuleni. Nilijua ninachompa. Nilitaka maji yamwaibishe yule mtoto mara moja tu, mbele ya watu, ili yawe tena yangu.

Ijumaa yote ilikuwepo ya kusema. Mulamwa aliniletea chapati, akanieleza jinsi mtoto alivyoijaribu kostumu mbele ya kioo cha jirani huko Kawangware na plot nzima ikaja kutazama. Nilimega chapati. Nikaishushia na chai na nikaendelea kunyamaza.

Jumamosi mulamwa hakuwasha moto. Alifunga kazi, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akaja kuketi nami kwenye benchi la wazazi. Alikuwa na wasiwasi mpaka akanishika mkono. Mkono wake una alama za mafuta ya moto, vidoa vidogo vidogo mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kuutoa wangu na sikujua nitausingizia nini.

Wasichana wakatoka kwenye chumba cha kubadilishia. Nikatafuta nyekundu. Nikatafuta tena. Hakukuwa na nyekundu. Binti wa mulamwa alitoka amevaa buluu, mstari mweupe ubavuni, imemkaa utadhani alishonewa. Nyuma yake akatoka binti yangu na sweta yake ya shule na sketi, taulo begani, akaenda kuketi kwenye benchi la watoto.

Sikufikiri jambo lolote la busara. Nilichokiona ni mtoto wa watu aliyechukua bwawa, akachukua video, na sasa amechukua hata ile kostumu niliyomchagulia mwanangu.

"Mtoto wako amevaa ya wangu," nikasema.

Mulamwa akatazama. "Eh, kumbe? Watoto, si wamebadilishana tu."

"Mwambie aitoe."

Nilisema hivyo. Watoto wamepangwa ukingoni, kochi ameshika filimbi, nami nataka mtoto avuliwe. Mulamwa alinigeukia taratibu, akanitazama kama anayemtafuta mtu mwingine usoni mwangu. Filimbi ikalia.

Sitawachosha na mashindano. Yule mtoto aliogelea kama alivyozoea kuogelea kwenye video zile nilizozitafutia kosa, na aligusa ukuta wakati wengine wako katikati. Mulamwa aliruka, akapiga vigelegele, akanikumbatia shingoni akiwa ameshasahau nilichosema, au ameamua kukisahau. Mimi nilikuwa nikitazama mabega ya ile buluu. Mikanda ilikuwa imeshika. Haikusogea hata kidogo. Kwa kazi yangu ya miaka yote hiyo, sikuwahi kuchagua nguo vizuri zaidi.

Nilimfuata binti yangu kwenye benchi.

"Mbona hujavaa?"

"Tumbo linauma."

"Usinidanganye."

Alitazama kama kuna mtu karibu. Halafu akafungua mfuko wake, akaitoa nyekundu nusu tu, akaifunika haraka kwa taulo.

"Alikuwa anataka kuvaa," akasema kwa sauti ya chini. "Nikamwambia ngoja nisikilize kwanza. Inalia, mama. Inalia yote. Hata hujavuta sana inalia."

"Ukamwambia?"

"Hapana. Angeogopa. Nikamwambia mimi napenda nyekundu, tubadilishane. Nikamwambia kochi naumwa na tumbo." Akakaza taulo. "Yeye ndiye anajua kuogelea. Mimi nilikuwa tu na kibao."

Nilisimama pale na mikono yangu. Mtoto akaniangalia. Haikuwa sura ya kulaumu, na hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu ingekuwa sura ya kulaumu ningejua la kufanya, ningemkemea. Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza kila kitu.

"Kwani wewe hukuisikiliza?"

"Siku hiyo soko lilikuwa na kelele," nikasema.

Yeye alikuwepo siku ya mhubiri na spika. Nilimwona akiwaza, nikamwona anafika, kisha nikamwona anashusha macho kwenye taulo, na hakuniuliza tena.

Mulamwa akatufikia akiwa amemshika mtoto wake aliyelowa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mfuko wa chapati alizopika nyumbani, maana yeye haendi mahali bila chakula. "Mulamwa," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka, "Mungu akubariki na hiyo kostumu yako. Yenye ulinipa ama yenye ulibaki nayo, zote ni zako. Imemshika vizuri!" Akanipa chapati. Ilikuwa imekunjwa mara nne.

Binti yangu alinitazama kuona nitasema nini.

"Amina," nikasema.

Tangu siku hiyo mengine yametengenea. Muhula uliofuata nilimpeleka ukumbini mwenyewe na kumwambia yule mwalimu wa miwani afute kuogelea, aandike ngoma. Mwalimu alisoma jina, akashangaa, akaandika. Siku hizi binti yangu anapiga ile isukuti ndogo, amebana ngoma kwapani, na wanaume wa Kiluhya wanaopita nje ya ukumbi husimama mlangoni wakidhani watamwona mtoto wao. Mulamwa huja kumcheka, kisha anacheza mpaka anatokwa na jasho. Mzee mmoja aliuliza kweli kweli ni nini imeharibika, naye mulamwa akamjibu kwamba hakuna, ni mtoto wake wa ukweni. Bado hajui habari ya nyekundu. Nimefungua mdomo mara mbili kumwambia, na mara zote mbili nimeishia kumsifia chapati.

Jumamosi mchana, klabu ikiisha, binti yangu bado huja kunisaidia. Huketi juu ya belo kama zamani. Ninashika kostumu, naivuta sikioni, nasema imenyamaza, nampa aitundike. Yeye huipokea kwa adabu. Kabla ya kuitundika, anaisogeza kwenye sikio lake mwenyewe, anafumba macho, na kuivuta tena.